Siku Tisa Bila Kunawa Uso

Mutale hakuwa na nyusi. Alipokuwa na miaka sita aliinamia mbabula, jiko la makaa la mama yake, mtu akamwaga petroli juu ya makaa na moto ukamrukia usoni. Ngozi ilipona lakini nyusi hazikurudi. Tangu alipokua alizichora kila asubuhi kwa kalamu nyeusi mbele ya kioo, na hakuna mwanamume aliyewahi kumwona bila hizo. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita.

Kazi yake ilikuwa kupokea simu katika kampani moja ya malori mjini Lubumbashi. Madereva waliokwama kwenye foleni ya Kasumbalesa, pale mpakani, walipiga kila siku saa kumi kusema wamefika wapi. Mmoja wao aliitwa Mwaba. Huyo alipiga hata siku ambayo hakuwa na la kusema.

"Allo, Lubumbashi. Leo niko wa arobaini na moja."

"Jana ulikuwa wa thelathini na nane."

"Bantu banapita pembeni, mama. Miye nikisikia sauti yako nasahau kusukuma lori."

"Subiri, usikate. Naandika: Mwaba anarudi nyuma."

Walionana kwa bahati, Jumamosi moja katika soko la Kenya, mtaa mmoja wa Lubumbashi. Soko lilijaa, watu walisukumana na vumbi jekundu lilipanda mpaka magotini. Mwaba alikuwa ananunua betri za redio. Nyuma yake mwanamke mmoja alikuwa anabishana na muuza vikwembe aliyeshika makasi. "Subiri, usikate," mwanamke akasema. "Pima tena, baba, hiyo mukono yako ni fupi."

Mwaba akageuka. Aliona kikwembe cha kijani chenye ndege wa manjano, kilemba cha kitambaa hichohicho, na nyusi mbili nyembamba zilizopinda vizuri kama njia ya mlimani.

"Allo, Lubumbashi," akasema.

Mutale alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia. Mtu mrefu, shati safi, mafuta ya gari chini ya kucha. "Leo uko wa ngapi?"

"Leo niko wa kwanza."

"Nani amekuambia?"

Lakini alimwacha ambebee kikapu.

Miezi saba ikapita. Mwaba alileta sabuni na jamu kutoka Zambia, na kila Jumapili alikaa barazani kwa Mutale, kule Katuba, akila bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, na kusifu mpishi. Mara nyingi alisifu nyusi vilevile. "Sauti njo ilinivuta," alisema, "lakini hizi njo zilinifunga kamba." Akinyoosha kidole azipitie, Mutale alirudisha kichwa nyuma.

"Acha. Mikono yako iko na mafuta."

"Nimenawa."

"Basi kanawe tena, baba ya maneno."

Mwaba alicheka na kwenda kunawa. Mutale hakucheka. Alijua kidole kimoja kingeondoa kila kitu.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na tatu. Wanawake walikuwa wamekatazwa suruali, perike za nywele bandia na rangi za uso, kwa jina la authenticité, siasa ya serikali ya kurudi kwenye asili. Pale kampanini mkubwa wa ofisi alikuwa Kunda, mtu mfupi mwenye suti ya abacost iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Ijumaa moja aliwakusanya wanawake wote wa kampani.

"Ba-citoyenne, kuanzia wiki kesho nitasimama mulangoni na kitambaa ya maji. Mwenye amejipaka, nitamupangusa mwenyewe."

Wengine walinung'unika. Mutale alimfuata mpaka mezani pake na kuomba congé, likizo yake yote ya mwaka, siku kumi, kuanzia Jumatatu. Kunda alitia sahihi bila kuuliza.

Jumatatu asubuhi alikwenda mtaa wa Bel-Air, kwa Mama Chanda. Zamani mama huyu alichanja wanawake wa kwao alama za uso na tumbo, na sasa alichora nyusi. Alikuwa na sindano tatu zilizofungwa pamoja kwa uzi, zimechemshwa, na masizi ya taa yaliyosagwa laini ndani ya kisahani.

"Itadumu?" Mutale aliuliza.

"Miaka mitatu, au ine ukikimbia jua na kuvaa kilemba mbele kidogo. Ngozi ya mafuta inakula rangi mbio, yako ni kavu, itashika. Ikianza kugeuka bluu unarudi, naongeza."

Kazi ilichukua saa mbili. Mutale aliuma kona ya kikwembe chake na hakulia. Mama Chanda alipangusa damu, akapaka vazelini, kisha akamshika kidevu.

"Sasa sikia vizuri, mwanangu, sababu miye nafanya nusu na weye unafanya nusu. Siku tisa maji isifike pale. Usipike bukari, mvuke njo maji ileile. Usilalie uso. Vazelini kidogo, asubuhi na mangaribi, na kidole safi. Leo mpaka kesho kutwa utavimba, rangi itakuwa nyeusi sana, usiogope. Kisha itakauka kama ganda ya karanga. Ukikuna, unatoa na rangi. Ikianguka yenyewe utaona chini hakuna kitu, kivuli tu, na utasema Chanda ameniibia. Ngoja. Usipitishe kalamu juu. Rangi inapanda polepole mpaka siku ya makumi ine, arobaini kamili, njo unarudi mara ya pili."

Mutale alihesabu. Mwaba alikuwa mpakani, wa sitini na mbili kwenye foleni. Kwa kawaida hiyo ilikuwa siku kumi na mbili. Angefika uvimbe umekwisha na rangi imeanza kupanda, na kilemba kikivutwa mbele asingejua lolote.

Wiki hiyo foleni ilikwenda mbio, na siku ya tatu mchana Mwaba aligonga mlango.

"Mama Lubumbashi. Niko hapa."

"Niko mugonjwa," Mutale akajibu kutoka ndani. "Rudi wiki ijayo."

"Mugonjwa wa nini? Fungua nikuone."

"Mwaba, nimesema wiki ijayo."

Hakuwa mtu wa kurudishwa mlangoni. Alizunguka mpaka dirishani, upepo ukainua pazia, na akamwona: macho yamevimba, juu yake weusi unaong'aa kwa mafuta, na bluu imeshuka mpaka pembeni ya pua. Alikuwa ameona nyuso za namna hiyo baada ya ngumi, na hakujua uso wa namna hiyo kwa sababu nyingine.

"Nani amekupiga?"

"Hakuna muntu amenipiga."

"Nakuuliza mara ya pili."

"Na miye najibu mara ya pili. Toka dirishani."

Mutale angeweza kumaliza jambo kwa maneno matatu: sina nyusi, nimechorwa. Hayakutoka. Mwaba akadhani kwamba anamficha mwanamume aliyempiga. Uani Delphine, jirani, alikuwa anaanika nguo.

"Yaya Delphine, nani amekuja hapa wiki hii?"

"Chef Kunda tu," Delphine akasema. "Jana. Alileta bahasha ya mushahara, hakukaa."

Mwaba alikwenda kwa miguu mpaka ofisini. Kunda alikuwa anakunywa chai. Mwaba hakumuuliza neno, alimpiga ngumi moja. Jino la mbele likaanguka ndani ya kikombe, na walinzi wakampeleka Mwaba kwenye kasho, mahabusu ya polisi.

Mutale alikaa ndani akihesabu siku na kukasirika kwamba Mwaba hakurudi. Siku ya tisa ganda la mwisho lilianguka lenyewe. Kwenye kioo aliona kivuli cha kijivu, hafifu kama moshi, chini ya paji la uso tupu. Saa hiyohiyo Jeannot, dereva mwenzake Mwaba, akaja kumuuliza anangoja nini.

"Bwana yako eko ndani siku sita juu ya uso yako. Kunda anasema hajakugusa. Mwaba anasema Kunda anadanganya. Kesho banamupeleka Kasapa, gereza ya kweli. Kati yao, nani anasema kweli?"

Kalamu nyeusi ilikuwa mezani. Angeipitisha mara mbili tu angekuwa na uso ambao Mwaba anaujua, na kazi ya sindano ingeharibika. Akafunga kilemba, akaiacha kalamu pale, na kwenda.

Polisini walikuwapo ofisa mmoja nyuma ya meza, Kunda aliyeitwa kusaini mashtaka, mdomo bado umevimba, na Mwaba bila mkanda wala viatu.

"Huyu Kunda hajanipiga," Mutale alisema, akisimama pale mwanga wa dirisha unapomwangukia usoni. "Hakuna muntu amenipiga. Niliungua nikiwa mutoto, sina nyusi. Zile mulikuwa munaona ni kalamu. Nimechorwa na sindano, nikavimba. Nilificha. Kosa ni yangu."

Ofisa aliacha kuandika. Kunda akaona nafasi yake.

"Basi ni maquillage, rangi ya uso. Imekatazwa."

"Uko na kitambaa yako ya maji? Ilete, upanguse."

Kunda alikuwa nacho mfukoni. Ofisa, ambaye asubuhi yake ilikuwa ndefu, alimwashiria aendelee. Kunda alipangusa mara moja, akatazama kitambaa. Kilikuwa safi.

"Bibi yangu alikuwa na alama za kuchanjwa hapa na hapa," Mutale akasema, akigusa mashavu. "Sindano ileile, masizi ileile. Kama ya bibi haiko authenticité, chef, basi nifundishe."

Ofisa alicheka mpaka akavua kofia. Kunda hakutaka habari ya kitambaa iandikwe popote. Akakubali mbuzi mmoja na maneno ya samahani, na Mwaba akaachiliwa. Lori hakulirudisha: alisema dereva anayepiga wakubwa hatalipanda tena, na hapo hakuna aliyembishia.

Nje, Mwaba alifunga mkanda wake, kisha akamtazama Mutale kwa mara ya kwanza bila haraka.

"Unafanana na yai," akasema.

Mutale alikuwa amengoja neno hilo, au la namna hiyo, kwa miaka ishirini. Alipolisikia alijikuta anacheka, na kilemba kikamlegea.

"Na weye unanuka kasho."

"Zitarudi?"

"Siku ya makumi ine. Kisha narudi kwa Mama Chanda mara ya pili. Kisha kila miaka mitatu, maisha yote."

"Kila mara siku tisa bila kupika?"

"Siku tisa."

Mwaba alifikiri, akihesabu kwa vidole kama dereva anayehesabu magari yaliyo mbele yake. "Juu ya nini hukuniambia?"

"Ulisema zilikufunga kamba."

"Nilisema maneno mingi. Niliingia kasho juu ya uso iliyovimba, si juu ya nyusi." Aliinua kidole gumba, akasubiri. Safari hii Mutale hakurudisha kichwa nyuma. "Basi nitapika miye zile siku tisa. Mwambie baba yako nakuja Jumapili na bajomba yangu. Tutaanza na mahari, nyusi zitafuata."

"Pitisha pembeni tu. Bado haijashika."

Akapitisha pembeni.

Walioana mwezi wa nane. Mwaka wa sabini na sita rangi ilianza kugeuka bluu, wakaenda Bel-Air pamoja, na bukari ya siku tisa ilipikwa na Mwaba, nzito kama tofali. Alikuwa amepata kazi ya kupeleka mikate mjini kwa gari dogo. Alipopita barabara ya Kasumbalesa aliyapa malori njia na hakuyatazama.

Nyusi hizo mbili ziligharimu hivi: sindano tatu, kisahani cha masizi, congé yote ya mwaka, siku tisa bila kunawa uso, jino moja la Kunda, siku sita za kasho, mbuzi mmoja, na lori, ambalo alipewa Jeannot.