Siku Moja Bila Jina

Mchana ule wa mwaka 1954, nyumba ya Dauda, fundi cherehani wa Gisenyi, ilinuka matumbo ya samaki, na tangu mtoto azaliwe samaki hakuwa amepikwa humo. Saidati, mkewe, alinusa nepi, akanusa mtungi, akanusa hata kanga yake. Hakuona sababu.

Ilikuwa siku ya saba. Kwa desturi ya Waislamu mtoto alipaswa kupewa jina asubuhi ile, lakini mama mkwe, Nyiraneza, alishikilia siku ya nane, ya Kinyarwanda. Dauda, kwa kuogopa kumuudhi mama yake, akakubali. Upuuzi mtupu. Mtoto akabaki bila jina, na majini hupenda sana kiumbe asiye na jina.

Saidati alipogeuka, lilikuwa limeshainamia kitanda. Jini jeupe, lenye utelezi wa kamasi, halina macho, lina ulimi tu, na ulimi huo ulikuwa ukilamba mguu wa mtoto polepole, kwa raha, mate mazito yakidondoka shukani na harufu ile ikimjaa Saidati kinywani mpaka akatapika palepale aliposimama.

"Huyu hana jina," likasema kwa sauti ya chini. "Angeweza kukosa kuzaliwa. We pia. Ziwa, milima, yote. Kusingekuwa na kitu, na hakuna mutu angelia."

"Kama kusingekuwa na kitu," Saidati akanong'ona, "we ungesema na nani?"

"Nisingesema. Hata mi nisingekuwako. Ningepona."

Ulimi ukafika kwenye kifundo. Saidati hakuwa na elimu ya kubishana na jini. Alipitisha mikono katika ute ule wa kuchukiza, akambeba mwanawe.

"Ndiyo, angeweza kukosa kuzaliwa," akasema. "Lakini iko. Jina yake ni Harerimana, Mungu ndiye anamulea."

Jini likajikunja, likapita dirishani na harufu yake.

Dauda na Nyiraneza walimkuta analia, ameshika mguu wa kulia wa mtoto. Uliishia kwenye kifundo, laini, bila kovu.

"Limekula muguu yake."

"Nani?" Nyiraneza akauliza kwa upole. "Mwanangu, mutoto alizaliwa hivi. Mukunga alituonyesha."

Dauda akaitikia kwa kichwa.

Saidati alikuwa ameibusu miguu yote miwili asubuhi ileile. Alikuwa na hakika. Kisha akaanza kumkumbuka mkunga akifunua kitambaa, akimwambia pole mama, mguu mmoja umeishia kifundoni.