Zuwena Alivyonadi Uji wa Kipupwe

Jumamosi asubuhi Zuwena alimaliza kufagia uwanja, akamfunga mdogo wake Nasri vifungo vya sweta, kisha akachukua chupa ya chai ya baba yake na kushika njia ya dikoni. Dikoni ni pale samaki wa Kigombe wanaposhushwa na kunadiwa, na baba yake, Tahiri, ndiye mnadi. Kumtafuta Tahiri hakukuwa na kazi. Ulisimama tu njiani ukatega sikio, na sauti yake ikakuongoza mpaka ulipo mnada.

Ulikuwa mwezi wa Julai na kipupwe kilikuwa kimeingia kwelikweli. Watu wa Kigombe, waliozoea kutoka jasho karibu mwaka mzima, walikuwa wamejikunyata ndani ya khanga na makoti ya zamani. Watoto walikwenda shule mikono imefichwa kwapani, na madarasani kikohozi kilipokezana kutoka dawati hadi dawati.

Siku hiyo Zuwena hakupeleka chai peke yake. Alikuwa na kazi nyingine, na kazi hiyo ilimfanya atembee kifua mbele. Jana yake Mwalimu Bibiana, mwalimu mkuu wa shule yao, alikuwa amemwita ofisini.

"Zuwena, wewe umerithi sauti ya baba yako," alimwambia. "Kila kipupwe nina habari za kuwapa wazazi, na kila mwaka haziwafikii. Naomba ukanisaidie kuzitangaza dikoni."

Mwalimu alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mkutano wa wazazi uliopita ulihudhuriwa na watu wachache na mbuzi wawili. Kwenye kundi la wazazi la simu nako, kila taarifa ya shule ilizikwa chini ya salamu za Ijumaa na picha za maua. Lakini dikoni kila nyumba ilikuwa na mtu wake.

Habari zenyewe zilikuwa tatu. Watoto waje na masweta, ya rangi yoyote. Mtoto anayekohoa sana apelekwe zahanati asiachwe mpaka azidiwe. Na ya tatu ndiyo iliyokuwa moyoni mwa mwalimu: kuanzia Jumatatu shule ingependa kuwapa watoto uji wa moto saa nne, ikiwa kila nyumba italeta kibaba cha unga na kuni mbili tatu. Mpishi alikuwepo, sufuria ilikuwepo. Unga ndio haukuwepo.

Zuwena alimpa baba yake chai na kumweleza alichotumwa.

"Vizuri, mwanangu," alisema Tahiri. "Subiri nimalize hili fungu la samaki changu. Halafu panda juu ya kreti hili useme. Mimi nateremka majini kupokea samaki wa ile ngalawa."

Zuwena akapanda. "Ndugu wazazi, shikamooni," alianza. "Nimetumwa na mwalimu mkuu..."

Hakuna aliyegeuka. Wanawake wawili waligombea tenga la vibua. Mzee mmoja alimwambia, "Mjukuu wangu, hebu sogea, unanizibia samaki." Zuwena alirudia mara ya pili, akarudia mara ya tatu. Kijana mmoja akapiga miayo mbele yake bila hata kuziba mdomo.

Jamani, kupuuzwa kunauma. Ndipo Zuwena alipovuta pumzi, akaweka mkono kiunoni kama afanyavyo baba yake, akapaza sauti.

"Haya njooni, njooni! Mali mpya imeingia! Haina miba, haina magamba! Nani anaitaka?"

Vichwa vikageuka. Mtu akacheka. Bi Mwanasiti, mkaanga samaki mashuhuri na mama wa Najat wa darasa la kwanza, alisimama wima akitazama.

"Mali gani hiyo, we mtoto?"

"Uji wa shule!" alijibu Zuwena. "Uji wa moto, saa nne, kuanzia Jumatatu! Ukinywa kipupwe kinakukimbia!"

Watu walicheka na kusogea. Na kicheko cha watu wazima ni kitamu, hasa ukiwa na miaka kumi na miwili na umesimama juu ya kreti. Zuwena akaanza kupiga chuku.

"Uji wenyewe wa maziwa! Na maandazi juu yake!"

"Mashaallah!"

"Kuni zimejaa mpaka darini! Sufuria inasubiri kuinjikwa tu!"

Makofi yakapigwa. Bi Mwanasiti akauliza kwa sauti, "Na sisi wazazi tulete nini?"

Hapo ndipo ulimi ulipoteleza. Jibu Zuwena alilijua. Kibaba cha unga, kuni mbili tatu. Lakini aliona kwamba akitaja unga, vicheko vitakatika na watu watarudi kwenye vibua vyao.

"Nyinyi? Leteni watoto tu!" alisema.

Diko zima lilishangilia. Mzee aliyemwambia asogee ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Masweta na zahanati Zuwena aliyasema harakaharaka mwishoni, na sidhani kama kuna aliyesikia. Tahiri alipopanda kutoka majini na tenga begani, alimkuta binti yake ameshateremka, anapongezwa kushoto na kulia.

"Wameelewa?" aliuliza.

"Wamefurahi sana, baba," alijibu Zuwena. Hilo lilikuwa kweli.

Jumatatu watoto wa darasa la kwanza na la pili walikuja na vikombe. Wengine walikuja na bakuli. Nasri alibeba jagi la plastiki la nyumbani, maana alisema kikombe kitamchelewesha. Asubuhi alikuwa amekataa chai na kiporo cha muhogo ili aache nafasi ya maandazi, na alipoguswa tumbo alicheka na kusema, "Dada, hapa pote ni pa uji."

Walipofika getini Zuwena alikuwa ameanza kujuta. Kulipigwa kengele ya saa nne. Watoto wadogo walipanga foleni mbele ya jiko la shule, wakitetemeka kwa upepo, wakigonganisha vikombe. Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Ndani mpishi alikuwa amekaa juu ya kinu, mikono mapajani. Jiko lilikuwa baridi. Hakukuwa na moto, hakukuwa na unga, hakukuwa na ukuni hata mmoja.

Mwalimu Bibiana alimwita Zuwena pembeni.

"Ulitangaza?"

"Nilitangaza, mwalimu."

"Wazazi walisemaje?"

"Walipiga makofi."

Mwalimu alitikisa kichwa. "Wanapiga makofi halafu hawaleti hata kibaba kimoja! Basi. Nimechoka kuwabembeleza. Nitawaambia watoto warudi madarasani, na habari ya uji tuiache hapa."

Zuwena alitazama chini. Ilikuwa rahisi mno kunyamaza. Lawama zingewaangukia wazazi, yeye angebaki mtangazaji hodari, na hakuna ambaye angejua. Lakini Najat, binti wa Bi Mwanasiti, alikuwa ameanza kulia kwenye foleni kwa njaa, na mama yake ndiye aliyekuwa akisemwa vibaya. Nasri naye alimvuta sketi.

"Dada, sufuria iko wapi? Si ulisema inasubiri?"

Zuwena alishindwa kuvumilia. "Mwalimu," alisema, na sauti ile kubwa ikawa ndogo kama ya sisimizi, "wazazi hawana kosa. Mimi niliwaambia kila kitu kipo. Niliwaambia walete watoto tu."

Mwalimu Bibiana hakupiga kelele, na Zuwena alitamani angepiga.

"Kwa nini?"

"Walikuwa hawanisikilizi. Nikaona wakicheka... nikazidisha."

Mwalimu alishusha pumzi. Alimtuma mpishi dukani akanunue mikate ili wadogo wapate angalau kipande kimoja kimoja. Kisha akamgeukia Zuwena. "Maneno uliyapeleka wewe. Wewe ndiye utakayekwenda kuyarekebisha. Leo hii, baada ya masomo."

Alasiri Zuwena alikwenda dikoni miguu mizito. Alimweleza baba yake yote, bila kupunguza. Tahiri alikuwa ameshika changu mkononi tayari kuanza kunadi. Alimrudisha samaki kwenye tenga, akawanyamazisha watu, na kumwonyesha binti yake lile kreti.

"Shikamooni," alianza Zuwena. Safari hii kila mtu aligeuka, wengi wakitabasamu, wakingoja wachekeshwe. Tabasamu zao ndizo zilizomwumiza zaidi. "Jumamosi niliwadanganya. Shuleni hakuna maziwa. Hakuna maandazi. Hata unga hakuna. Mwalimu aliomba kila nyumba ilete kibaba kimoja na kuni, mimi nikasema leteni watoto tu. Leo wadogo wamekaa na njaa kwa sababu yangu. Naombeni mnisamehe."

Bi Mwanasiti aliweka mikono kiunoni.

"Yaani Najat wangu nimemnyima chai asubuhi kwa sababu ya maandazi yako?"

"Ndiyo, shangazi. Nisamehe."

"Na haya unayosema sasa," aliuliza yule mzee, "tutajuaje kama nayo si chuku?"

Swali hilo lilimchoma Zuwena kuliko matusi. Hakuwa na kiapo cha kutoa. Alifikiri kidogo, akateremka kutoka kwenye kreti.

"Njooni mkaone," alisema. "Stoo ya shule iko wazi."

"Haya, twende!" alisema Bi Mwanasiti. Alimshika mkono, na si kwa upole, akaanza kutembea. Wanawake wengine wakafuata, na wanaume kadhaa, na yule mzee na bakora yake. Msafara ule ulipita katikati ya kijiji ukinuka samaki, na kila aliyeuliza kuna nini alijibiwa, "Tunakwenda kukagua uji wa Zuwena!"

Stoo ilikuwa na ufagio, ndoo moja na sufuria kubwa iliyogeuzwa kifudifudi. Bi Mwanasiti aliifunua, akachungulia ndani, akainua kichwa.

"Maziwa siyaoni," alisema. "Labda yamejificha nyuma ya maandazi."

Mtu mmoja aliguna, mwingine akashindwa kujizuia, na punde stoo nzima iliangua kicheko. Hata Mwalimu Bibiana, aliyetoka ofisini kuona kelele za nini, alicheka mpaka akafuta machozi. Zuwena alicheka na kulia kwa pamoja. Uzito wote wa siku ile ulimtoka kifuani.

"Kibaba kimoja tu ndicho mlichokuwa mnataka?" Bi Mwanasiti alimwuliza mwalimu. "Mwalimu wangu, ungeniambia mimi! Kuni ninazokaangia samaki zinatosha kupikia harusi!"

Siku ya pili yake unga ulianza kuingia. Ulikuja kwenye vikapu, kwenye mifuko ya rambo, mwingine kwenye mtandio uliofungwa fundo. Nyumba isiyokuwa na unga ilileta sukari au tangawizi, na jamaa mmoja mwenye shamba huko Muheza akaleta gunia la machungwa. Zuwena hakukaa kutazama. Alipasua kuni, aliteka maji, na aliosha ile sufuria mpaka ukaweza kujiona sura.

Jumatano saa nne moshi ulipanda kutoka jiko la shule na harufu ya tangawizi ikaingia madarasani. Uji haukuwa na maziwa wala andazi, lakini ulikuwa wa moto na ulikuwa mwingi. Nasri alifika na jagi lake. Mpishi alimjazia nusu, naye Nasri akarudi kwa nusu ya pili, halafu akakaa chini ya ukuta, uso umeng'aa, akishindwa hata kuinuka.

Tahiri alikuwa amekuja kuleta mzigo wa kuni. Alikaa kwenye ngazi za darasa karibu na binti yake, kikombe mkononi.

"Baba, umenikasirikia?"

"Jumatatu nilikasirika. Leo nakunywa uji." Alipuliza kikombe chake. "Nisikilize, Zuwena. Miaka yote hii wananiita mnadi, na wewe umenisikia. Nikimshika changu nasema amenona, nasema anang'aa, nasema hajapata kutokea changu kama huyu. Watu wanacheka, wananunua. Lakini umewahi kunisikia nikinadi tenga ambalo halina samaki?"

"Hapana, baba."

"Siku nikifanya hivyo, ndiyo siku yangu ya mwisho pale. Hata nikija kesho yake na nguru mzima, nani atanisogelea? Kuchangamsha watu si kosa, mwanangu. Mungu amekupa sauti, itumie, wachekeshe. Ila kwanza hakikisha kitu unachokisema kipo."

Mwalimu Bibiana, aliyekuwa akisikiliza, akaongeza, "Na mtu akikosea, afanye kama ulivyofanya. Aende palepale alipodanganyia, aseme kweli. Wengi wenye umri wangu hawaliwezi hilo."

Ijumaa mwalimu alimwita tena ofisini. Zuwena alidhani atamwambia kazi ya kutangaza amepewa mwingine. Badala yake alipewa habari mpya: muuguzi wa zahanati atakuja Alhamisi ya wiki ijayo kuwapima watoto wanaokohoa.

Zuwena hakuondoka. Alisimama akisugua mguu mmoja kwa mwingine.

"Mwalimu, samahani. Muuguzi mwenyewe amesema atakuja, au tunatumaini tu?"

Mwalimu Bibiana alichukua simu akapiga. Alisikiliza, akaitikia, akaishusha polepole.

"Alhamisi ana kliniki ya kina mama," alisema. "Atakuja Ijumaa." Akamtazama Zuwena, na wote wawili wakacheka.

Kesho yake dikoni kulikuwa na samaki wengi na kelele nyingi. Zuwena alipopanda juu ya kreti, kabla hajafungua kinywa, alisikia sauti ya Bi Mwanasiti ikipaa juu ya sauti zote.

"Nyamazeni nyote! Zuwena anataka kusema."

Watu wakanyamaza, na Zuwena akawaambia muuguzi atakuja Ijumaa.