Waya Nilikuwa Nimeushika Mkononi

Haya sikuhadithiwa. Yalinikuta mimi, hapa hapa Yazd, Iran, mchana kweupe.

Mama Mahlagha, mjane jirani yangu, aliniita nimtazamie kompyuta. VPN, ile programu ya kupenya vizuizi vya mtandao, ilikuwa imegoma tangu jana, na bila VPN simu za video hazipiti hapa kwetu. Kila siku saa kumi alasiri mwanawe Farzam humpigia kutoka Sweden. Mama huyu hana mtu mwingine. VPN yenyewe aliiweka Farzam, ikipitia kwenye kisanduku alichokichomeka chumbani kwake huko.

Nikafungua. VPN saba, zote zinagombania njia moja! Nikamtania kwamba kila mgeni anayekuja kunywa chai humwachia moja. Akacheka, akaniongezea chai. Nikaziondoa sita, ikabaki ile yenye jina la Farzam. Bado ikagoma: upande wa pili haujibu.

Nikachomoa waya wa intaneti ili nianze upya. Kompyuta ile kuukuu haina njia nyingine ya kupata mtandao. Kwenye skrini pakaandikwa: Farzam, imeunganishwa.

Nikatazama waya mkononi. Nikatazama skrini. Spika ikakohoa.

Sijui kidole kilifikaje. Niliifuta VPN ya Farzam.

Nikatoka uani, nikapiga simu ya kawaida kwa namba ya Farzam iliyobandikwa ukutani. Akapokea mwenzake wa chumba. Akaniambia Farzam alifariki wakati wa theluji, hata arubaini yake imeshapita. Kisanduku alikichomoa siku ya mazishi. Kiko kabatini.

Niliporudi, Mama Mahlagha alikuwa anajitanda mtandio mbele ya skrini. Amemimina chai glasi mbili.

"Mama," nikaanza, "nimeongea na mwenzake Farzam."

"Najua alichokwambia," akanong'ona. "Walinipigia siku ile ile aliyofariki, na yeye hajaacha kupiga. Wewe niunganishie tu, mwanangu."

Nikaiweka upya mara nne. Saa kumi ikafika, ikapita. Hakunilaumu. Akanywa chai yake, kisha akainywa na ile nyingine, imeshapoa. Roho iliniuma, wallahi.

Kesho yake saa kumi, kompyuta yangu nyumbani ikaonyesha jina nisiloliweka mimi: Farzam. Imeunganishwa. Kikohozi. Kisha sauti ya chini: "Mama yuko wapi?"

Nimeipeleka kompyuta kwake, mlangoni inakatika. Nimemleta yeye kwangu. Inanyamaza mpaka aondoke.

Jana alisahau mtandio wake kitini kwangu. Leo nimeukuta juu ya kompyuta, umekunjwa vizuri. Hapa ni kiangazi, lakini kwenye mikunjo yake kulikuwa na theluji.