Aliyefutwa Pichani

Mikono ilikuwa mitatu, naye mpiga picha aliifuta yote mitatu. Hakuhesabu. Mazoea yana taabu, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na mmoja: kupiga picha watoto wachanga, wale ambao hata majina yao hawajayazoea.

Picha iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ile ya mtoto aliyelala kifudifudi, kidevu juu ya viganja vyake, kama mtu mzima mwenye mawazo. Wateja waliamini mtoto hukaa hivyo mwenyewe. Mtoto wa siku tisa hawezi. Shingo yake bado haijakaza. Mama hukishika kichwa, picha hupigwa, kisha mpiga picha huketi kwenye kompyuta na kuifuta mikono ya mama, kidole kwa kidole, mpaka mtoto abaki peke yake.

Safari hii mtoto alikuwa wa kaka yake. Wa kwanza kuzaliwa, baada ya mimba nne kuharibika. Siku ya picha walicheka sana.

"Wifi, legeza mkono. Unamshika mwanangu kama kuku anayepelekwa sokoni."

"Mwanao? Miezi tisa ulimbeba wewe?"

"Mimi shangazi yake. Shangazi ni baba wa kike."

"Haya, baba wa kike, njoo umbadilishe nepi."

Siku ya tatu baada ya hapo, saa nane mchana, kaka na mkewe waliingia studio na mtoto bila kupiga simu. Kaka alifunga mlango nyuma yake. Wifi hakusalimia.

"Hanyonyi," alisema, kwa sauti ya chini kama aliyeogopa kusikiwa. "Tangu jana asubuhi. Halii. Tumetoka hospitali, wamempima kila kitu, wanasema mzima, tumwangalie. Nimwangalie nini, wifi? Hebu ona."

Alimlaza kifudifudi juu ya mto mkubwa wa kupigia picha. Kichwa cha mtoto kikainuka. Hakikutetemeka, kama kinavyotetemeka cha mtoto anayejaribu. Kilipanda taratibu, kikatulia, na chini ya kidevu ngozi ikabonyea mahali panne. Macho yalikuwa wazi. Midomo ilikuwa imekauka.

Chumba kilianza kunuka maziwa yaliyoungua. Ile mashine ndogo ya kubembelezea watoto ilikuwa ikitoa sauti yake, shhh, shhh, bila kukoma. Mpiga picha alinyoosha mkono aizime, akaona waya wake umelala sakafuni, haujachomekwa popote.

"Dada," kaka alisema, "zile picha ulizopiga kabla hujazisafisha, unazo?"

Alikuwa nazo. Alizifungua moja baada ya nyingine akahesabu kwa kidole kwenye skrini. Mkono wa kushoto wa wifi, wenye pete. Mkono wake wa kulia. Na mwingine, uliotokea chini ya kitambaa, mwembamba, rangi ya majivu, vidole vinne vyenye urefu sawa, umekishika kidevu.

"Huu wako?"

"Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, kaka."

Wifi aliziba mdomo kwa mtandio.

Kaka alimpigia simu mganga aliyemfahamu. Alikuja mama mmoja mfupi, mkoba kwapani, akavua viatu mlangoni na kunusa hewa. Alimtazama mtoto. Kisha alizitazama picha mbili, ya kabla na ya baada, muda mrefu kuliko alivyomtazama mtoto.

"Nani kamfuta?"

"Mimi, mama. Mikono yote nafuta. Ndiyo kazi yenyewe."

"Kichwa kilikuwa kinaanguka, mwenye mkono huu akakidaka. Kampenda mtoto. Wewe ukamfuta kama tope. Binadamu angekununia tu. Huyu hajui kununa."

"Nimrudishe? Picha ya kwanza si hii hapa?"

"Ukimrudisha umemkubali kuwa mlezi. Siku ya kumwambia sasa basi, utamwambia kwa ulimi gani?" Mganga alishusha sauti. "Umemnyang'anya mkono. Mpe wako, kwa njia ile ile: upigwe picha, uufute. Na ufanye upesi, mtoto huyu usiku haufikii."

"Nichukueni mimi!" wifi alilia. "Mwanangu ni wangu."

"Hukufuta wewe, binti."

Mpiga picha alipiga magoti kando ya mto, akapenyeza kiganja chake cha kulia chini ya kidevu cha mtoto, na pale alipotarajia kukuta ngozi laini alikuta vidole, baridi, vikavu, ambavyo havikumpisha bali vililala juu ya vyake na kuvishika, naye akasema, "Huu hapa, chukua, mtoto mwache," kaka akabonyeza kamera, taa ikawaka, na yeye akainuka na kwenda kwenye kompyuta, akauweka mkono wa kulia mapajani na kukishika kipanya kwa wa kushoto.

Alianza na kidole kidogo. Kilipofutika kwenye skrini, cha mapajani kikapoa, kikafa ganzi, kisha hakikuwepo kwenye hesabu ya mwili wake. Akaenda cha pete, akaenda cha kati, bila kutazama chini, kwa sababu alijua akitazama chini ataacha, na akiacha kaka yake atazika, na sauti ya shhh ikawa karibu na sikio lake kama pumzi ya mtu aliyeinama kusimamia kazi.

Kwenye kidole gumba, mtoto alilia.

"Lia, baba," wifi alisema. "Lia, lia, lia."

Alimnyanyua, akafungua kifua. Mtoto alinyonya kwa pupa hadi akapaliwa. Kaka alikaa chini sakafuni akalia kuliko mwanawe.

"Maliza," mganga alisema. "Usibakize kipande."

Mpiga picha alifuta kiganja hadi kifundo, pale mkono wa shati ulipoanzia. Harufu ilikatika. Alikiachia kipanya.

"Imetosha?" aliuliza.

Wote walikuwa wakimtazama mtoto. Kwenye skrini ufutio uliendelea wenyewe, ukaingia kwenye shati, polepole, kwa uangalifu wa mtu aliyeijua kazi, ukipanda kuelekea kiwiko.