Meli Ilipochelewa, Tanuri Liliwaka

Kila alfajiri Mama Tanuri alikunja mikono ya gauni lake, akaanza kukanda unga. Watu walimpa jina hilo kwa sababu tanuri lake ndilo lililolisha mkate kisiwa kizima. Wifi yake, dada wa mumewe, alikata madonge na kuyapanga kwenye trei. Walifanya kazi huku wakitaniana, mpaka harufu ya mkate ikaamsha mtaa.

Asubuhi moja wifi alitoka stoo uso umemshuka.

"Wifi, unga umebaki mifuko sita. Siku sita tu."

"Na meli?"

"Imeharibika mashine huko ng'ambo. Nimeambiwa bandarini itafika siku ya kumi."

Mama Tanuri akakaa juu ya ndoo. Mwaka uliopita meli ilichelewa hivyo hivyo, tanuri likazimwa. Wasichana wawili waliokuwa wakimsaidia walivuka bahari kutafuta kazi. Hawakurudi.

"Tukifunga tena, na mimi nitawafuata," wifi alisema. Safari hii hakuwa anatania.

"Hodi!" Bibi Shamba alikuwa mlangoni, viatu vyake vimejaa udongo. Kazi yake ilikuwa kuwashauri wakulima, na kila siku alipita kununua mkate. "Mbona leo mmenuna? Kuna msiba?"

Wakamweleza. Akavuta kiti.

"Jamani, kisiwa chetu ni kidogo, tena kiko mbali. Karibu kila tunachokula kinaletwa na meli. Ikiharibika, tunakwama. Bei ikipanda huko nje, hatuna la kusema. Mashine ya meli hatuwezi kuitengeneza. Lakini tunaweza kupunguza vitu tunavyoisubiri ituletee."

"Unga nitaupunguzaje, dada? Niuze hewa?"

Bibi Shamba akacheka. "Kule mlimani viazi vitamu vinaoza kwa kukosa wanunuzi. Vichemshe, vimenye, viponde viwe laini kabisa. Kwa vikombe viwili vya unga, tia kikombe kimoja cha viazi. Mifuko yako sita itakufikisha siku tisa."

Mchana ule ule wifi alileta kikapu cha viazi. Walijaribu donge moja dogo. Likawanata vidoleni kama gundi. Walipolitoa tanurini, lilikuwa bapa na gumu.

Wifi akaliinua juu. "Wifi, huu ni mkate au kandambili?"

Mama Tanuri alitaka kulia, akajikuta anacheka mpaka akashika mbavu.

Jioni Bibi Shamba akaja kuangalia. "Maji mlitia kiasi gani?"

"Kama kawaida."

"Ndiyo hapo! Kiazi kina maji yake. Tia kidogo kidogo, donge likishikana, acha. Na viazi mliviacha vikapoa?"

Wakatazamana. "Tulikuwa na haraka," wifi akakiri.

"Basi mliiua hamira kwa joto. Mkate hauwezi kuumuka hamira ikifa."

Kesho yake waliamka mapema zaidi. Viazi vilikuwa vimepoa. Maji walitia kwa kijiko. Donge likaumuka taratibu, likajaa, likapanda juu ya kopo la kuokea. Mikate ikatoka laini, ndani ina rangi ya dhahabu. Wifi akapiga kigelegele.

Mteja wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mtu wa kulalamikia kila kitu. Akauliza mbona mkate una rangi. Akamega. Akatafuna. Akamega tena.

"Nifungie miwili," alisema hatimaye. "Na mke wangu msimwambie. Mmoja nitaumaliza njiani."

Kwa siku tisa tanuri halikuzimwa hata mara moja. Watoto walikwenda shuleni na mkate, wagonjwa hospitalini walipata wao. Meli ilipotia nanga, Mama Tanuri alinunua unga kidogo kuliko zamani. Viazi aliendelea kuvichukua mlimani. Wakulima wakapanua mashamba, na wifi akapata wasichana wawili wapya wa kuwafundisha kazi. Habari za kuvuka bahari hakuzitaja tena.

Miezi michache baadaye Bibi Shamba aliita mkutano. Walikuja wauza duka, wapishi na wakulima. Swali lilikuwa moja: ni kitu gani kingine tunachoweza kutengeneza wenyewe hapa? Mmoja akataja sabuni. Mwingine akataja chakula cha kuku. Wengine wakaguna, wakasema haiwezekani.

"Mama Tanuri, hebu tuambie," Bibi Shamba alisema.

Mama Tanuri hakuwahi kusimama mbele ya watu. Akafungua kikapu, akaanza kukata mikate.

"Mimi si msemaji," alisema. "Onjeni kwanza."

Vipande vikapita mkono kwa mkono. Kisha maswali yakaanza kumiminika, watu wakiuliza huku midomo imejaa.