Bolti Zilizolowekwa kwenye Asidi

Kila siku ya soko, Sifaeli na mkewe Agnela hushusha ndizi mshare kutoka Nkoaranga hadi Maji ya Chai. Pikapu yao ni kuukuu, lakini inafika.

Jioni moja Agnela alisema, "Baba Angel, umeiona gari ya Aminieli? Inang'aa mpaka bolti za tairi!"

Loo, heri angesifia kitu kingine! Aminieli ni jirani yao, naye Sifaeli alimwonea wivu tangu zamani. Usiku huo wivu ulimzidi. Hata kula makande kulimshinda.

Kesho yake alifungua tairi, akatoa bolti. Zilikuwa na kutu. Akaziloweka kwenye maji ya betri mpaka zikawa nyeupe pe. Akazisuuza, akazirudisha, akakaza nati kwa nguvu zote.

"Sasa tuone nani atasifiwa," alijisemea.

Siku ya soko walipakia ndizi. Agnela alishika mlango ili aingie. Mara, tak! Nati iliruka ikaanguka miguuni pake, na kipande cha bolti kimo ndani. Gari lilikuwa halijasogea hata kidogo.

Aminieli alikuwa anapita na gari lake. Akasimama, akamgeukia Agnela. "Shemeji, kuna nini?"

"Shemeji, shemeji!" Sifaeli alinung'unika. "Nani kakuita?"

"Namwita mimi," alisema Agnela. "Njoo uone, shemeji."

Aminieli aliwahi kuwa fundi wa magari kule Sokon One. Aliitazama ile nati. "Baba Angel, bolti hizi uliziosha na nini?"

Sifaeli alitazama chini. "Maji ya betri."

"Ala! Hiyo ni asidi. Bolti za tairi ni chuma kigumu sana. Asidi ikikigusa, gesi iitwayo haidrojeni huingia ndani ya chuma. Huioni. Ukikaza nati, bolti inavutwa, na ndani ufa unaanza. Halafu inakatika ghafla."

"Lakini nilizisuuza na kuzikausha!"

"Umekausha nje. Gesi iko ndani. Hata ambazo hazijakatika, zitupe. Nunua mpya za gari hili. Kutu kidogo futa kwa brashi ya waya. Ikishaila bolti, badilisha."

Agnela aliutazama mteremko wa kwenda sokoni. "Baba Angel, ungeniua!"

Sifaeli aliuliza kwa sauti ndogo, "Na zako zinang'aa kwa nini?"

"Rangi tu, ndugu yangu. Rangi ya fedha."

Walinunua bolti mpya. Aminieli alisaidia kuzifunga, naye Sifaeli hakuzitia asidi tena.

Siku ya soko iliyofuata walikutana na Aminieli kwenye mteremko. Agnela alimpungia mkono, akicheka. Wivu ukamchoma Sifaeli kama kawaida. Akamtazama mkewe pale kando yake, mzima, anacheka.

"Mpungie tena," alisema.