Pua Kwanza, Ndoo Baadaye

Kila jioni, akishavua sare za shule na kunywa chai, Kipua alilitoa toroli la bibi yake na kwenda kukusanya ndoo. Jina hilo alilipata angali mdogo sana. Kabla maziwa hayajaungua jikoni, yeye alikuwa keshapiga kelele, "Bibi, maziwa!"

Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na ndoo yenye mfuniko iliyotoka kwa bibi. Humo yaliingia maganda na mabaki ya jikoni, basi. Uani kwao, bibi aliyamwaga katika masanduku ya mbao yaliyojaa funza. Funza walikula, wakanenepa, wakauzwa kwa mfuga kuku. Makombo yao yaligeuka mbolea nyeusi, ikarudi kwenye bustani za nyumba zilezile.

"Hapa kwangu hakuna taka," bibi alizoea kusema. "Kuna vitu vinavyosubiri zamu yao tu."

Kazi hiyo ilikuwa na sheria moja: pua kwanza, ndoo baadaye. Kabla ya kuimwaga ndoo kwenye pipa la toroli, ilibidi uifunue, uiname, uinuse. Funza hula karibu kila kilichooza, lakini sabuni na dawa za kusafishia huwaua.

Taabu ilikuwa kwenye geti la bluu. Hapo aliishi mvulana wa darasa lake, aliyeitwa Kinanda kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Karibu, Mama Maganda!" alipaza sauti siku moja, rafiki zake wakiwa wamejipanga ukutani. "Hebu nusa utuambie, jana tulikula nini?"

Wakacheka hadi wakaegemeana. Kipua alihisi masikio yakiwaka moto. Tangu siku hiyo alijifunga kitambaa puani, akawa anamwaga ndoo upesi upesi bila kunusa hata moja, kisha anakimbia huku toroli likirukaruka kwenye mawe.

Jumamosi moja asubuhi, uani kulikuwa kimya. Siku zote funza waliokuwa wakila walitoa sauti kama manyunyu juu ya majani makavu. Leo hakuna. Bibi alitia mkono sandukuni, akautoa taratibu. Funza walikuwa wamelala kiganjani mwake, weusi na wakavu. Akainamia sanduku, akanusa.

"Dawa ya choo," alisema kwa sauti ndogo.

Kipua alikuwa ameshika ufagio. Alijua pale pale kosa ni la nani, lakini akainama, akaendelea kufagia.

Punde ikasikika hodi. Alikuwa mfuga kuku na ndoo yake tupu. "Mama, fanya hima! Vifaranga wangu wameamka wananidai kama nimewakopa!"

Bibi alimwendea akijifuta mikono kwa khanga. "Leo sina kitu, mwanangu. Wamekufa wote."

"Wote?"

"Kosa ni langu. Pua yangu imezeeka, nimepitisha dawa bila kuisikia. Naona kazi hii imenishinda sasa. Nitawaambia majirani wasinitunzie tena maganda."

Nyuma ya mlango wa uani, Kipua alisimama kama aliyepigiliwa misumari. Aibu ya kuchekwa ilimchoma masikio tu. Hii ilimchoma mpaka ndani. Bibi yake, aliyemlea kwa masanduku yale, alikuwa akijitwika mzigo usio wake mbele ya mteja. Akatupa ufagio, akatoka.

"Bibi, pua yako haijazeeka. Mimi ndiye niliyeifunga yangu." Akaeleza yote, kitambaa na vicheko na mbio, machozi yakimdondoka miguuni.

Bibi hakumkemea. Alimfuta machozi kwa ncha ya khanga. Mfuga kuku alikuna kichwa, akageuka, akaenda zake. Kipua alidhani amekasirika. Kumbe alirudi na kopo lenye funza wazima.

"Hawa nilibakiza juzi," alisema. "Watunze, mama, wageuke nzi, watage, uanze upya. Vifaranga wangu watavumilia pumba kwa sasa."

Jioni Kipua alilisukuma toroli bila kitambaa. Alinusa kila ndoo. Kwenye geti la bluu, Kinanda alikuwa ukutani.

"Ehee, Mama Maganda! Leo tumepika nini?"

Kipua akafunua, akainama, akanusa bila haraka. "Dawa ya choo," akajibu. "Imewaua funza wa bibi."

Mama yake Kinanda alisikia, akatoka jikoni. "Nani kamwaga dawa humu?"

Kinanda alitazama vidole vyake vya miguu. "Ni mimi. Siku hizi ukinituma kuosha choo, dawa inayobaki namwaga humo. Nilidhani ndoo ya taka ni ya taka tu."

"Uliyemwaga ni wewe," Kipua akamwambia, "lakini wa kunusa nilikuwa mimi."

Kinanda aliichukua ndoo, akaisugua mpaka mfuniko, na siku hiyo hakuimba tena.

Wiki zikapita. Nzi wakataga, vifunza vikatoka, na asubuhi moja manyunyu yakarudi masandukuni. Bibi alimketisha Kipua karibu naye wasikilize.

"Mjukuu wangu," alisema, "kazi ya halali hainuki, hata ikiwa ya maganda. Kinachonuka ni kazi iliyofanywa nusunusu, halafu ikafunikwa kwa kimya. Kila mtu huona aibu. Ila usiiache aibu ikushike mkono na kukuongoza njia. Siku ile ulipotoka nyuma ya mlango, wewe ndiwe uliyeiongoza."

Kisha akamsogezea ndoo. "Haya, Kipua wangu. Ninusie hii."